Miaka Thelathini na Mitatu Chini ya Bango la Bei

Leo Jumanne, tarehe 31 Machi 2026, Mzee Stanslaus Magige anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya Nyota Nane Petroli kwa miaka thelathini na mitatu na mwezi mmoja. Alianzia Turwa, pale mjini Tarime, akahamishiwa Nyamwaga, na anamalizia hapa Busawe, wilayani Serengeti. Anaondoka akiwa na miaka sitini, meno yake yote, na mgongo unaolalamika kila anapoinama kupima tangi.

Mmeona wenyewe kwamba sherehe inafanyika hapa hapa kituoni, viti vikiwa vimepangwa kati ya pampu na choo. Tajiri wetu, mwenye kampuni, alitaka ukumbi wa Mugumu, wenye viti vilivyovalishwa vitambaa na kipaza sauti kisichokoroma. Mzee Stanslaus alikataa. Alitoa masharti mawili. La kwanza, pampu zisifungwe wakati wa sherehe, hata kama hotuba ya mgeni rasmi itakatizwa na pikipiki. La pili, wasifu wake niuandike mimi, na niandike yote. Mimi ni Scholastica, msimamizi wa kituo hiki, niliyeanza kufanya naye kazi mwaka 2019 nikiwa mtunza fedha. Hilo sharti la pili limeninyima usingizi mwezi mzima.

Basi tuanze na yale mepesi.

Mzee Stanslaus alizaliwa Nyamwaga, akasoma huko huko hadi darasa la saba, kisha akachunga ng'ombe wa baba yake mpaka walipoibwa wote kwa siku moja. Asiye na ng'ombe huko kwao hana la kusema kwenye kikao, kwa hiyo akashuka Turwa kutafuta kazi. Tarehe 1 Machi 1993 akaajiriwa kwenye kituo chetu cha kwanza. Anasema hakuchukuliwa kwa akili wala kwa cheti. Kituo hakikuwa na ngazi, bango la bei lilikuwa juu, na yeye ndiye aliyekuwa na mikono mirefu kuliko waombaji wote. Kazi yake ya kwanza ikawa kubadili namba.

Siku zile, kwa kumbukumbu zake, namba zilikaa juu mpaka zikaota kutu. Zilikuwa za bati, kila moja imeshikwa kwa misumari miwili, wa juu na wa chini. Mwaka 2008 namba tisa iling'oka msumari wa juu, upepo ukaigeuza ikawa sita, na kwa nusu siku nzima Turwa ikajaza mafuta kwa shilingi mia tatu pungufu kila lita. Wenye pikipiki walipiga foleni mpaka barabarani. Mzee Stanslaus aliwashangaa watu walivyokuwa na furaha asubuhi ile, akadhani ni kwa sababu ya mvua. Alikatwa mshahara miezi miwili, na mpaka leo hawezi kupita chini ya bango lolote bila kuinua macho kuhesabu misumari.

Turwa ilimfundisha pia uvumilivu, maana Sirari, mpakani na Kenya, haiko mbali na madereva wa upande wa pili huvuka bei inapokuwa nzuri kwetu na kutukimbia inapokuwa nzuri kwao. Yupo mmoja aliyekuwa akimwuliza kila mwezi, kwa Kiswahili chao, "Sasa mzee, hii bei imepanda aje na juzi ilikuwa chini?" Swali lilimkera Mzee Stanslaus, akaanza kulitafutia jibu. Alikata habari za mafuta magazetini, akawauliza madereva wa malori yanayotoka bandarini, akamkalisha chini ofisa mmoja wa benki aliyekuja kujaza gari, naye akamweleza mambo ya dola kwa saa nzima huku gari likizuia pampu.

Hivyo ndivyo alivyopata jina la Mwalimu wa Bei. Alipohamishiwa Busawe mwaka 2013, kituo hiki kilipofunguliwa, alikuja na dumu jeupe la lita ishirini ambalo wengi wenu mnalikumbuka. Alikuwa amelichora mistari ya kugawanya bei ya lita moja, kwa rangi ya kucha ya binti yake Winfrida. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wasimamizi wa bei za mafuta nchini, wakishatangaza bei mpya na namba zikishabadilishwa, wateja walikuwa wakija na hasira zao na yeye anawatolea dumu.

Sehemu kubwa ya chini ilikuwa mafuta yenyewe, yanayonunuliwa nje ambako bei haisimami, kwa sababu vita vikilipuka kule au wenye visima wakipunguza uzalishaji, sisi tunalipa hapa. Juu yake kulikuwa na meli na bima yake. Dola ilipita pembeni, mstari uliosimama wima kutoka chini hadi juu, kwa sababu vyote hivyo hulipiwa kwa dola na shilingi ikishuka kila kitu kinanenepa. Halafu zilifuata kodi na tozo, mstari ambao wateja waliupiga kofi. Halafu lori, kutoka bandarini hadi huku, ndiyo maana Tarime ina bei yake na Serengeti ina yake. Shingoni kabisa, penye kofia, ndipo palikuwa na sehemu ya mwenye kituo. Aliwaeleza pia kwamba bei inayotangazwa ni kikomo tu, mwenye kituo anaweza kuuza chini yake akitaka, na ndiyo sababu vituo viwili vya jirani vinaweza kutofautiana. Na alipenda kumalizia kwa kusema kwamba bei ya leo ni habari ya zamani, kwa kuwa shehena iliyoileta ilinunuliwa wiki nyingi zilizopita.

Si wote walioridhika. Bibi Wegesa, mwenye mashine ya kusaga, alisikiliza somo lote akiwa amejishika kiuno, kisha akamwambia, "Mura, kijana wangu, ng'ombe akitoka mbali anafika amekonda, bei inashuka. Haya mafuta yenu yanatembea njia yote hiyo halafu yanafika yamenona?" Mzee Stanslaus alicheka mpaka akakaa chini. Alimwongezea Bibi Wegesa nusu lita kwa pesa yake mwenyewe, na kwa miaka mingi alirudia maneno hayo kila alipokutana na mtu mwenye elimu.

Nikiwa mtunza fedha mpya nilikuwa nikikaa dirishani nimsikilize. Nilijifunza uchumi zaidi kwenye lile dumu kuliko chuoni. Alikuwa mtu wa kufurahisha kufanya naye kazi, na ninasema alikuwa kwa sababu huyo mnayemwona leo ni mtu mwingine, ametulia sana.

Kulikuwa na sababu moja ya bei ambayo haikuwa na mstari kwenye dumu.

Wafanyakazi wa Nyota Nane tunaijua. Tuliiita kulaza tangi. Wenye vituo hunusa mapema kama bei itapanda Jumatano. Simu inapigwa Jumatatu jioni au Jumanne asubuhi, na tajiri anasema neno moja, "Lilazeni." Tunavuta tairi bovu la lori tunaliweka kwenye njia ya kuingilia, tunafunika mikono ya pampu kwa mifuko, na tunatundika kipande cha boksi kilichoandikwa HAKUNA MAFUTA. Tangi linalala siku moja au mbili, na Jumatano linaamka na bei mpya, ingawa ni mafuta yale yale yaliyonunuliwa kwa bei ya zamani. Bei ikitarajiwa kushuka tunafanya kinyume. Tunatabasamu, tunawashauri watu wajaze mpaka pomoni, tuyamalize kabla hayajapungua thamani. Sheria inakataza kuficha mafuta, sote tunajua, na sote tulikuwa tukifanya. Maandishi ya lile boksi ni mwandiko wangu.

Jumanne ya tarehe 1 Agosti 2023 tangi letu lilikuwa limelala. Wengi mnakumbuka kipindi kile, mafuta yalivyokuwa adimu na bei ilivyoruka kesho yake kwa zaidi ya shilingi mia nne kwa mpigo. Mzee Stanslaus, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa msimamizi, alikuwa amepima tangi asubuhi kwa fimbo, nami nikaandika: lita elfu sita na mia mbili za petroli.

Kama saa nane mchana Jackson alikuja kwa miguu, dumu la lita tano mkononi. Jackson ni dereva wa Probox ya kukodi hapa kijijini, mnamjua. Mkewe, Efrazia, alikuwa amejifungua mtoto wa kike asubuhi ile zahanati, na damu ilikuwa haikatiki. Muuguzi alikuwa ameandika barua ya kumpeleka hospitali Mugumu na kumwambia Jackson asipoteze hata dakika. Gari lake lilikuwa limekauka. Alikuwa ameliacha mlangoni pa zahanati na Efrazia akiwa ameshalazwa kiti cha nyuma.

Hayo yote sisi hatukuyajua, na hapa ndipo penye jambo ambalo mgeni hatalielewa na mtu wa huku hahitaji kuelezwa. Mzee Stanslaus ametahiriwa rika moja na marehemu baba yake Efrazia. Kwa hiyo kwa Jackson yeye ni mkwe, sawasawa na baba mzazi wa mkewe. Mwanamume wa kwetu hasimami mbele ya mkwe akaanza kutaja uzazi wa mkewe na damu yake. Afadhali angekuwa amekuja kwangu dirishani. Lakini angenifuata vipi mimi, mwanamke kijana, ampite mkwe wake aliyesimama uwanjani?

Alisimama mbali kidogo, kama inavyotakiwa, akaangalia chini. Nilikuwa nasikia kila neno.

"Shikamoo, mkwe."

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mkwe."

"Watoto?"

"Hawajambo. Nina safari ya Mugumu, mkwe. Nilikuwa naomba lita tano tu."

Mzee Stanslaus aliangalia lile boksi, kisha akaniangalia mimi dirishani. Ufunguo wa pampu nilikuwa nao mimi. Nilitikisa kichwa kidogo, kwa sababu tajiri alikuwa amepiga simu nusu saa kabla kuhakikisha. Mzee akamgeukia Jackson.

"Yamekwisha, baba. Labda kesho."

Jackson akasema asante. Akaondoka akitembea haraka, na alipofika barabarani akaanza kukimbia. Mzee Stanslaus alishangaa. Aliniambia, "Huyu kijana ana haraka gani na habari za nyumbani ni nzuri?" Niliendelea kujumlisha mauzo ya jana yake.

Jackson alipata lita tatu kwa wauza petroli ya chupa, mbali, baada ya saa moja na zaidi. Efrazia alikata roho ndani ya gari kabla hawajaiona Mugumu. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Mtoto yuko hai, anaitwa Irine, na asubuhi ya leo nimemwona akifukuza kuku nyuma ya nyumba ya bibi yake.

Habari zilifika kituoni jioni. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi Mzee Stanslaus alipanda ngazi akabadili namba, akashuka, akavuta tairi pembeni, akauza petroli mpaka saa sita. Kisha akaenda msibani. Alichimba kaburi pamoja na vijana, akiwa na miaka hamsini na saba na mgongo ule. Wakati wa kutoa pole, Jackson alimshika mikono miwili akamshukuru mbele za watu kwa kuwa mkwe wa kweli. Mzee Stanslaus alimwambia, "Mungu atakupa nguvu." Hakumwambia lingine.

Somo la dumu liliishia hapo. Wateja walipouliza bei imepanda kwa nini, alisema, "Someni gazeti." Dumu lenyewe alilipeleka nyumbani kwake, na Winfrida anasema liliwekwa darini na hairuhusiwi kuliteremsha.

Oktoba mwaka ule ule simu ya kulaza tangi ilikuja tena. Mzee Stanslaus aliipokea mbele yangu, akasikiliza, akasema kwa adabu kabisa, "Njoo ulilaze mwenyewe, tajiri." Ndani ya wiki moja alivuliwa usimamizi akarudishwa kwenye pampu, kazi aliyoianza akiwa kijana, na mshahara ukapungua. Usimamizi nilipewa mimi. Niliukubali. Nina watoto wawili wanaosoma na sikutafuta sababu nyingine, na simwombi mtu anielewe.

Simu iliyofuata ilikuja kwangu, na mimi nikalilaza tangi. Ndipo Mzee Stanslaus alipofanya jambo ambalo wenye magari wa Busawe bado wanalisimulia. Alitoka akaenda akakaa juu ya lile tairi kwenye njia ya kuingilia, akiwa na sare yake ya kazi, na kila gari lililosimama alilisalimia vizuri na kulieleza, "Mafuta yapo. Tumeyalaza yaamke na bei mpya. Msimamizi yuko dirishani." Saa mbili baadaye nilikuwa na madereva kumi na saba dirishani, na wawili wao walikuwa na mapanga, ingawa nadhani ni ya shamba. Niliwauzia. Nilipompigia tajiri simu kumweleza, alisikiliza mpaka mwisho, akakata. Mzee hakufukuzwa. Nafikiri tajiri aliogopa atakwenda kukaa juu ya tairi la mtu mwingine. Tangu siku ile tangi la Busawe halijalazwa tena, na hayo ndiyo mafanikio makubwa ya utumishi wa Mzee Stanslaus, ingawa hayamo kwenye cheti alichochapishiwa.

Lakini hayo yote yalikuwa rahisi kwake kuliko kumtazama Jackson.

Kwa miaka miwili na nusu Jackson aliendelea kuja kujaza mafuta hapa, akisimama mbali kidogo, akiangalia chini. "Shikamoo, mkwe." "Marahaba. Habari za nyumbani?" "Nzuri." Watu wakinung'unika kwamba vituo vinaficha mafuta, yeye ndiye aliyewanyamazisha. Nimemsikia kwa masikio yangu akisema, "Wengine labda. Mzee Stanslaus hawezi." Mzee alikuwa akimjazia gari, na gari likiondoka anaingia ofisini kwangu anakaa mpaka mteja mwingine apige honi.

Mwaka huu, alipopewa barua ya kustaafu, alinijia akasema hawezi kuagwa kwa vigelegele Jackson akiwa amekaa mstari wa mbele hajui. Alitaka asikie hapa, leo, kwenye wasifu huu. Tuligombana. Nilimwambia mtu haambiwi jambo kama lile kwa kipaza sauti, na kwamba anataka kujitua mzigo mbele za watu amwachie mwenzake aubebe mbele ya watu hao hao. Alikasirika, siku tatu hakunisalimia. Siku ya nne akasema nina haki, twende kwa Jackson.

Tulikwenda Jumamosi tarehe 7 Machi, sisi wawili tu. Jackson alitupa viti, akatuletea maziwa. Irine alikuja akamwamkia Mzee, naye Mzee akamshika kichwani. Mzee Stanslaus hakuzunguka. Alisema, "Siku ile mafuta yalikuwepo. Nilikudanganya." Nami nikasema ufunguo nilikuwa nao mimi.

Kwa mara ya kwanza tangu aoe, Jackson alimtazama mkwe wake usoni.

"Yalikuwa lita ngapi?"

"Elfu sita na mia mbili."

"Mimi nilitaka tano," Jackson akasema.

Akamchukua mtoto akaingia naye ndani. Hakufunga mlango, na hakurudi. Maziwa tuliyaacha. Tulitoka wenyewe, hakuna aliyetusindikiza, na nyinyi mnajua maana ya mgeni kuondoka huku bila kusindikizwa. Njiani Mzee Stanslaus alisema jambo moja tu, kwamba angetamani Jackson angempiga.

Tangu Jumamosi ile Probox inapita hapa bila kusimama. Anajaza kwa chupa, bei ya juu kuliko yetu, na nimeambiwa amekuwa akipita hata gari likiwa linakohoa kwa kukosa mafuta. Nilimpelekea nakala ya maandishi haya wiki iliyopita ili ajue kila neno litakalosomwa. Nilimwambia akitaka nifute sehemu yake nitaifuta. Aliyasoma akiwa amesimama, akanirudishia, akasema, "Usifute. Jina lake liandike vizuri." Nimeliandika: Efrazia. Nilimwuliza kama atakuja leo, akasema hajui.

Tajiri naye ameyasoma. Nilitegemea anifukuze. Hakufuta mstari hata mmoja, ila aliomba jina lake lisitokee. Sijaliandika. Anayetaka kumjua amtafute, yuko hapa hapa, amekaa meza kuu.

Mzee Stanslaus, sijui kuandika mwisho wa wasifu kama wanavyoandika wengine. Kwa niaba ya wafanyakazi wa Turwa, Nyamwaga na Busawe nakushukuru kwa miaka thelathini na mitatu, kwa mikono mirefu, kwa dumu, na kwa siku ile uliyokaa juu ya tairi ukaniaibisha mbele ya mapanga. Ulinifundisha kazi hii yote. Nilikupenda kama baba na bado nakupenda, na niliyoyaandika nimeyaandika kwa sababu uliniamuru na kwa sababu ni kweli. Uende Nyamwaga ukapande migomba yako, upate ng'ombe wengine ambao hawataibwa, mgongo ukutulie, na Mungu akupe usingizi ambao najua huna. Kama kuna maisha mema yaliyobaki mbele yako, tunakutakia hayo, yote.

Fimbo ya kupimia tangi ulinikabidhi jana. Kesho ni Jumatano ya kwanza ya Aprili, bei itabadilika, na wanaonusa wanasema itapanda.

Jackson, kiti chako kiko mstari wa mbele, upande wa barabarani ili uweze kuondoka bila kumpita mtu. Kama hutaki kukaa, usikae. Pampu namba moja haina mfuko juu yake. Leo ni Jumanne, nimepima mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi, na mafuta yapo.